Hilary Thackray Akataa Kuifuta Nchi

Hilary Thackray alikuwa na mdomo, nami sitaupunguza makali ili apendeze machoni pa watu. Siku tulipomuaga alipostaafu walisimama mmoja baada ya mwingine wakamwita mpole, mvumilivu, mtu wa watu. Nilikaribia kupaliwa na keki. Hilary mpole? Huyo aliyemwambia mkuu wa chuo kwamba tai yake imetumbukia kwenye supu na akili yake imeifuata? Nilifanya naye kazi miaka mingi katika chumba cha kompyuta cha Chuo cha Ufundi cha Harrowdale, huku kwetu Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Yeye alikuwa ndani na mashine zake, mimi nilikuwa kwenye dirisha la kupokea wenye shida. Naitwa Olwen Prosser, Mwelsh kwa kuzaliwa, jambo ambalo watu wa hapa hawajanisamehe bado. Anayetaka sifa za msibani aende kwingine.

Alizaliwa hapahapa Harrowdale mwaka wa thelathini na nane, binti wa mfumaji katika kiwanda cha sufu. Alipotoka shule akaajiriwa kuwa opereta wa simu. Zama hizo ukinyanyua simu hukubonyeza namba, uliongea na msichana. "Nipe yule mchinjaji wa karibu na kanisa," watu walisema, na Hilary akachomeka waya panapohusika. Watu walikuwa na majina, nyaya zilikuwa na namba, yeye akakaa katikati. Kisha ikaja mitambo ya kila mtu kujipigia mwenyewe, wasichana wakapewa seti ya vikombe kila mmoja na kuambiwa wakaolewe. Wengi walikwenda. Hilary aliuza vikombe vyake sokoni, akajiandikisha masomo ya jioni ya kompyuta, mwanamke peke yake kati ya wanaume waliomuomba awaletee chai. Aliwaletea siku ya kwanza, imekolea chumvi. Hawakumuomba tena.

Kazi yake kubwa pale chuoni ilikuwa programu aliyoiita Opereta, kwa heshima ya wale wasichana. Kompyuta hazijuani kwa majina, zinajuana kwa namba. Ni binadamu ndiye asiyeshika namba kichwani. Ukiandika barua kwenye skrini na kuielekeza kwa jina, Opereta ililisoma lile jina, ikalitafutia namba yake, ikaisukuma barua huko. Ni kazi ileile ya nyaya, ila hii haikuumiza mgongo.

Sasa, Uingereza ilikuwa na namna yake ya kuandika hayo majina. Tulianza na kubwa tukashuka hadi dogo: nchi, kisha vyuo, kisha chuo chenyewe, mwisho idara. Idara ya kompyuta iliitwa uk.ac.harrowdale.cs, na hiyo cs ya mwisho ni kifupi cha sayansi ya kompyuta. Dunia nzima iliandika kinyume chetu, idara kwanza, nchi mwisho. Sisi tukaona dunia ndiyo iliyokosea, kama tunavyoona kwenye upande wa kuendeshea gari. Juu ya hayo tulikuwa wavivu. Nani aandike uk na ac kila mara, na sote tumo humuhumu kisiwani? Watu wakaandika harrowdale.cs, basi, wakaenda kunywa chai. Opereta ilifundishwa kuvumilia uvivu huo. Jina likianza na uk, ililisoma kwa mtindo wetu bila maswali. Lisipoanza hivyo, ilitazama mkia: ikikuta pale herufi za nchi, barua inakwenda ng'ambo; isipozikuta, inajua huyu ni mvivu wa nyumbani, inamsaidia.

Hapakuwa na nchi yenye mkia wa cs. Mpaka watu wa Chekoslovakia walipoiangusha serikali yao kwa kutikisa funguo barabarani, wakaingia kwenye mtandao, na dunia ikawapa herufi mbili. Nadhani mmeshaelewa ni zipi.

Asubuhi Hilary alipoiingiza nchi mpya kwenye Opereta, mstari mmoja tu katika orodha ya nchi, kama kazi yake ilivyomtaka, barua za idara ya kompyuta zikaanza kusafiri. Dakta Julian Fairbrass, mkuu wa idara hiyo, alikuwa ameandika kumsengenya mwenzake Pettifer aliyegombea naye uprofesa. Barua ile ilikwenda Praha, mji mkuu wa Chekoslovakia. Huko mtu muungwana, ambaye hadi leo simjui, akaisoma, akairudisha kwenye sanduku letu la jumla na maneno machache juu yake: "Mabwana wapenzi, barua hii si yetu. Tunampa pole Dakta Pettifer. Hapa kwetu theluji ni nyingi."

Sanduku la jumla nilikuwa nalisoma mimi. Sikumwambia mtu. Nilimwambia Hilary tu, na Hilary si mtu, ni kipaza sauti.

Fairbrass akaja na uso mwekundu. Alikuwa mrefu, mtanashati, na alitembea kama aliyekodiwa kuonyesha suti.

"Hilary, barua zangu zinakwenda kwa Wakomunisti!"

"Si Wakomunisti tena, Dakta. Soma gazeti."

"Unanicheka?"

"Nani, mimi? Jino linaniuma."

"Ufute huo mstari. Cs ni sisi. Tumekuwa cs tangu chuo hiki kinunue kompyuta."

"Ule ni mstari wa nchi ya watu."

"Mstari mmoja tu, mama! Nani hapa Harrowdale anaandikia Chekoslovakia?"

"Vlastimil."

"Ndiye nani huyo?"

"Yule unayemwita Bili."

Vlastimil Hrubeš alikuwa mpuliza vioo wa maabara ya kemia. Mirija yote iliyopinda mle maabara ilitoka kwenye pumzi zake. Alikuja mwaka wa sitini na nane, vifaru vya Warusi vilipoingia kwao, akiwa na sanduku moja na mapafu mazuri. Walimu wakashindwa na jina lake, wakampachika la Bili kama mbwa wa kuokotwa. Ni Hilary peke yake aliyelitamka lote. Alilifanyia mazoezi kwenye basi mpaka abiria wakamhama.

Dada yake, Libuše, alibaki mjini Brno. Kwa miaka zaidi ya ishirini barua za ndugu hawa wawili zilifunguliwa na polisi kabla wenyewe hawajazifungua, na nyingine hazikufika kabisa. Mama yao alikufa, akazikwa, na Vlastimil akajua nyasi zikiwa zimeshaota kaburini. Sasa maktaba aliyofanyia kazi Libuše ilikuwa imeunganishwa na mtandao, akawa anamwandikia kaka yake kila asubuhi wasomaji hawajaingia. Vlastimil hakuwa na skrini. Alikuja kwangu dirishani saa ya chai, nikamfungulia, akasoma mikono nyuma kama mtu aliye kanisani. Mambo yenyewe ya kawaida tu, goti linavyouma, viazi vilivyopanda bei, paka wa jirani anavyojisaidia kwenye ngazi. Kisha akajibu kwa kidole kimoja, taratibu, huku akitabasamu na herufi. Libuše alipopata habari za Hilary akaanza kumpelekea salamu, akimwita Bi Thackrayová, kwa sababu kwao jina la ukoo la mwanamke huongezwa mkia. Hilary alitembea nalo siku nzima. "Olwen, umesikia? Nimerefushwa!"

Mstari ule ukifutwa, majibu ya Vlastimil yasingetoka tena Harrowdale. Ndilo lililokuwa mezani, na kila mtu mle chumbani alilijua.

"Basi atumie posta," Fairbrass akasema.

"Posta yao ilisomwa na polisi miaka ishirini. Yako wewe imesomwa mara moja tu, tazama unavyopiga kelele."

Niliinamisha kichwa chini ya meza, nikajifanya natafuta kalamu.

Isije ikasemwa kwamba Hilary alikuwa mbishi bila kujaribu. Alijaribu. Aliifundisha Opereta iulizie kila jina pande zote mbili, nyumbani na ng'ambo, kabla ya kuamua. Mashine yetu ilikuwa kuukuu, ikapiga magoti. Barua za chuo kizima zikapanga mlolongo hadi mchana, na watu wa mishahara wakaja juu kama maziwa ya moto. Akaiondoa hiyo. Ikabaki kuchagua: ama nchi iondoke, ama wavivu waandike majina yao kamili. Kwa Hilary hapakuwa na cha kuchagua. Kwa Fairbrass pia hapakuwa nacho, ila yeye alitazama upande wa pili.

Akaenda kwa mkuu wa chuo, yule wa supu. Tukaitwa. Mimi niliitwa kwa sababu ndimi niliyepokea ile barua ya Praha, na nadhani walitumaini nitasema Hilary ndiye aliyeitangaza. Sisi Wawelsh tukitaka tunaweza kutoelewa Kiingereza.

"Bi Thackray," mkuu akaanza, "hatuna ugomvi. Ni suala la utawala. Utaufuta mstari huo ifikapo Jumatatu."

"Sifuti."

"Huenda sikueleweka."

"Umeeleweka, bwana mkuu. Mwaka niliozaliwa mimi wakubwa wetu walikaa mezani na Wajerumani wakaikata nchi ya watu hawa vipande, wenyewe wamewekwa chumba cha pili wangoje kuambiwa. Baba yangu alishangilia kiwandani na wenzake kwamba tumeepuka vita. Alikufa akiona haya. Mimi haya hiyo sitairithi."

Fairbrass akacheka. "Jamani! Unalinganisha programu ya barua na mambo ya vita?"

"Nawalinganisha watu wanaosema ni mstari mmoja tu."

Mkuu akasugua tai yake pale penye doa. Halafu akasema, kwa sauti ya kusoma tangazo, kwamba Jumatatu mstari ukiwepo, Hilary ataondolewa kwenye mashine, na Opereta itakabidhiwa kwa mtu mwingine. Opereta ilikuwa kazi ya maisha yake. Hakuwa na mume, hakuwa na mtoto, na asije mtu kumsikitikia kwa hilo maana hakujisikitikia. Lakini Opereta alikuwa nayo, na aliipenda.

Tulipotoka tukaenda kunywa chai. Nilimwekea sukari nyingi bila kumuuliza.

"Mwenzangu," nikamwambia, "mkono usioweza kuukata, ubusu."

"Niubusu mkono wa Julian? Anaupaka losheni ya ndimu."

"Sifanyi mzaha. Wanakunyang'anya Opereta."

"Najua."

"Kwa ajili ya mtu anayesimuliwa habari za paka."

Hapo akanigeukia, na nakiri nilirudi nyuma kidogo. "Olwen Prosser! Walikuchapa shuleni ukiongea Kiwelsh chenu badala ya Kiingereza, au hawakukuchapa?"

"Walimchapa bibi yangu."

"Haya. Bibi yako alikuwa anasimulia nini cha maana siku hiyo? Mapinduzi? Si alikuwa anaomba ruhusa ya kwenda chooni? Mambo madogo ndiyo ya watu. Makubwa wanayo akina Julian."

Nilikunywa chai yangu, na chai ilikuwa chungu ingawa sukari nilikuwa nimeweka vikombe vyote viwili. Nilimkasirikia, kwa sababu alikuwa na haki, na kwa sababu nilijua mwisho wake ni mimi nitakayebaki na mtu mpya asiyejua hata kuchemsha maji.

Ijumaa akawa na utulivu uliopaswa kunishtua. Alipiga simu moja, ndefu, akicheka na mtu wa ofisi inayotunza majina ya vyuo vya nchi nzima. Kwa upande wa Harrowdale, mtu aliyesajiliwa kubadili majina alikuwa yeye. Hakuna aliyewahi kufikiri maana yake ni nini.

Jumatatu Fairbrass akaja mapema, amevaa suti ya ushindi, na mkuu nyuma yake. Mstari wa Chekoslovakia ulikuwepo, pale pale. Kilichokuwa hakipo ni idara ya Fairbrass. Idara ya kompyuta ya Harrowdale sasa iliitwa comp. Barua zake zilikuwa zinafika vizuri, kila moja, bila kupotea hata mtaa, ila kwa jina jipya ambalo hakuwa ameulizwa.

"Umebadilisha jina langu!" Sauti ilimpasuka kama ya mvulana anayebalehe.

"La idara, Dakta. La kwako bado Julian."

"Bila idhini yangu! Jina la watu huwezi tu kulifuta..." Akasita. Nadhani hata yeye alisikia.

"Endelea," Hilary akasema. "Jina la watu huwezi tu kulifuta. Malizia, nakusikiliza."

Fairbrass akatoa mfukoni kadi zake mpya, za wino wa dhahabu, zenye cs kubwa chini, akazitupa mezani zikatawanyika. Nilizitumia baadaye kuandikia orodha za sokoni, ni kadi nzuri, ngumu.

Mkuu akamtaka aombe radhi na arudishe jina. Akakataa yote mawili. Wakamwondoa kwenye mashine siku hiyohiyo. Opereta ikakabidhiwa kwa kijana mmoja mpole wa Leeds, ambaye alitazama lile jina jipya, akatazama sanduku la barua lisilo na malalamiko hata moja, akaamua kutogusa kitu. Waliotaka kuandikia idara za kompyuta za vyuo vingine walijifunza kuandika jina zima kuanzia uk. Haikuwaua.

Hilary wakamleta kwangu dirishani. Mtu aliyetengeneza kitu chenye kuhudumia chuo kizima akawa anawaonyesha wanafunzi wa mwaka wa kwanza kitufe cha kuwashia. Nilidhani atavunjika. Siku ya kwanza alikaa kwenye kiti bila kuvua koti. Nililia chooni kwa niaba yake, kwa kuwa yeye hakuwa na mpango wa kulia. Siku ya pili alivua koti, akabandika kwenye kioo karatasi iliyosema: HAPA HATUFUTI MTU. Mkuu aliagiza ibanduliwe. Hilary alisema ni maelekezo kwa wateja. Ilikaa pale hadi gundi ilipojichokea.

Vlastimil hakujua cha kufanya na deni kubwa namna hiyo. Alikuja akasimama, akashika kofia.

"Hilary, kwa sababu yangu wewe umepoteza..."

"Sikufanya kwa ajili yako. Usijipe cheo. Soma barua yako."

Uongo mtupu, ule. Au nusu yake.

Mwaka wa tisini na tatu ulipoingia, Chekoslovakia ikaachana na yenyewe. Wacheki huku, Waslovakia kule, kama mume na mke waliochokana wakagawana vyombo bila kurushiana sahani. Kila upande ukapata herufi zake mpya, na cs ikawa inasubiri kuondolewa mtandaoni. Asubuhi tuliporudi kutoka mapumziko ya mwaka mpya, Vlastimil alikuwa wa kwanza dirishani. Barua ya Libuše ilikuwa imekuja na mkia mpya. Alikuwa anaisoma, na macho yalikuwa mekundu. Alizaliwa katika nchi, akaikimbia, akaipata tena kwenye skrini ya chuo, na sasa haikuwepo kwenye ramani.

Fairbrass akatokea nyuma yake. Uprofesa alikuwa ameupata Pettifer, lakini suti zilikuwa bado nzuri.

"Umesikia, Hilary? Nchi yako imekwisha. Cs inafutwa. Ulipoteza Opereta yako bure kabisa."

Nilitaka kumrushia kikombe. Hilary hakuinua hata kichwa.

"Nani kaifuta?"

"Wenyewe."

"Basi."

"Basi nini?"

"Wenyewe wamekaa, wenyewe wameamua. Jina ni lao, walishike ama walitupe. Hilo ndilo nililokuwa nakwambia siku zote, ukanifanya chizi."

Vlastimil alikuwa ameacha kusoma. Alimtazama Hilary, akatikisa kichwa mara moja, kukubali.

Fairbrass akainama karibu na kioo, na sauti ikawa ya asali. "Sasa, kwa kuwa zile herufi ziko huru... Nimeambiwa kule ofisi ya majina bado ni jina lako lililosajiliwa. Hakuna aliyekumbuka kulibadilisha. Simu moja tu, Hilary, na idara inarudi kuwa cs."

"We Julian! Matanga hayajaanuliwa, umeshakuja kuulizia mirathi?"

Wanafunzi waliokuwa mlangoni wakacheka. Vlastimil, kwa mazoea ya mtu aliyepisha wakubwa tangu aingie kisiwa hiki, akajivuta pembeni ili Dakta asogee.

"Vlastimil, rudi hapo hapo ulipokuwa," Hilary akasema, na sasa aliinua kichwa. "Maliza ya dada yako. Dakta, foleni inaanzia nyuma yake."

Na Fairbrass, kwa kuwa ni Mwingereza na neno foleni limeshatajwa mbele za watu, akaenda nyuma ya mpuliza vioo akasimama.